Sauti ya Mtoto na Amana ya Watu



Juma hili tumependa tuwasimulie habari za binti mmoja wa India ambaye baadhi yenu mmemsikia bila ya kumjua. Wanaotazama filamu za Kihindi wameisikia sauti ya Palak Muchhal katika Ek Tha Tiger ya mwaka 2012 na Aashiqui 2 ya mwaka 2013. Sisi akina mama wa mtaa wetu hapa Mombasa hatukumjua kwa filamu. Habari zake zililetwa barazani kwetu na jirani aliyekuwa amempeleka mwanawe India kutibiwa, nazo zilitufikia wakati tulipokuwa na haja nazo. Nyumba ya tatu kutoka tulipokuwa tumeketi palikuwa na mtoto wa miaka minne aliyezaliwa na tundu katika moyo, na wazazi wake walikuwa wameshauza kila cha kuuzwa.

Palak alizaliwa tarehe 30 Machi 1992 katika mji wa Indore, jimbo la Madhya Pradesh, katikati ya India. Watu wake si wa dini yetu, wala hawakuwa matajiri. Baba yake alikuwa mwajiriwa wa kampuni na mama yake alikuwa akitunza nyumba. Mwaka 1999, India na Pakistani zilipopigana katika milima ya Kargil, mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka saba. Kwa muda wa juma zima alizunguka maduka ya mji wao, akiingia moja na kutoka jingine, akiwaimbia wenye maduka na wanunuzi na kuwaomba wasaidie familia za askari waliouawa. Akakusanya rupia 25,000. Mwaka huohuo kimbunga kikubwa kilipoipiga pwani ya Odisha, akaimba tena kwa ajili ya walioathirika.

Baada ya hapo walimu wa shule moja ya Indore waliwaendea wazazi wake. Walikuwa na mwanafunzi mwenye maradhi ya moyo ya kuzaliwa nayo, na familia yake haikuwa na uwezo wa kulipia upasuaji. Wazazi wa Palak wakakubali. Mwezi wa Machi mwaka 2000, mtoto akiwa bado hajatimiza miaka minane, alipandishwa juu ya mkokoteni wa mchuuzi uliofanywa kuwa jukwaa, akaimba barabarani mbele ya wapita njia. Zilipatikana rupia zaidi ya 50,000. Habari zikatangaa, na daktari mashuhuri wa upasuaji wa moyo katika mji wa Bangalore, Devi Prasad Shetty, akajitolea kumpasua mtoto yule bila malipo.

Hapo jirani yetu alipofika, tulimsimamisha. Mmoja wetu akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: ikiwa mgonjwa ametibiwa bure, zile fedha zilikwenda wapi?

Tunalijua swali hilo vizuri sisi watu wa Pwani. Hakuna mtaa usiokuwa na kumbukumbu ya mchango uliofanywa kwa nia njema, kisha mambo yakabadilika kidogo, mgonjwa akapata msaada kwingine au akafariki dunia kabla ya safari, na fedha zikabaki mikononi mwa mtu. Huenda mtu huyo si mwizi. Siku ya kwanza husema ataziweka hadi ijulikane la kufanya. Baada ya mwezi hupatikana dharura. Baada ya mwaka hapana anayeuliza, kwa kuoneana haya. Lakini mchango mwingine ukiitishwa, watu hutoa nusu ya walichotoa mwanzo, na wala hawasemi kwa nini.

Wazazi wa Palak walitoa tangazo katika magazeti ya mji wao. Walisema wanazo fedha zilizokusanywa kwa ajili ya moyo wa mtoto, na kama yupo mtoto mwingine mwenye maradhi hayo, wazazi wake wajitokeze. Siku ya pili yake walijua kwamba watoto waliohitaji upasuaji walikuwa 33.

Fikirini hali ya nyumba ile. Walikuwa na fedha za mtoto mmoja, na majina ya watoto 33. Wangeweza kumchagua mmoja na kuwaombea dua waliobaki, na hapana ambaye angewalaumu. Badala yake binti aliendelea kuimba. Mwaka huohuo wa 2000 maonyesho yake yalileta rupia 225,000, zikatibiwa nyoyo za watoto watano katika hospitali za Bangalore na Indore. Hospitali moja ya Indore ilipoona mambo yanavyokwenda, ikapunguza gharama ya upasuaji kutoka rupia 80,000 hadi 40,000 kwa watoto wanaoletwa na Palak, na mmoja wa madaktari wake wa upasuaji akaacha kabisa kutoza ujira wake. Hivyo kila wimbo ukawa na thamani mara mbili ya ule wa jana.

Maonyesho yale yakapewa jina la Dil Se Dil Tak, maana yake kutoka moyo hadi moyo. Nduguye mdogo, Palash, naye akaingia kuimba pamoja naye. Mwaka 2001 tetemeko la ardhi lilipoiangusha miji ya Gujarat, waliimba kwa ajili ya Gujarat. Na mwaka 2003, binti yuleyule ambaye miaka minne nyuma aliimba kwa ajili ya familia za askari waliouawa na Wapakistani, alijitolea kusaidia gharama za moyo wa mtoto wa miaka miwili kutoka Pakistani. Jambo hili lilitutuliza kimya barazani, maana sote tunajua jinsi mapenzi ya watu yanavyoishia kwenye mpaka.

Yako mengine mawili tuliyoyashika. La kwanza ni kwamba Palak na watu wake hawakuchukua ujira katika fedha zile. Kwa kila mtoto aliyepona, binti alipokea mwanasesere mmoja, basi. Alikuwa mtoto, na hilo ndilo alilolitaka. La pili ni kwamba, kadiri miaka ilivyopita na mfuko wake wa watoto wa moyo ulivyojulikana, hospitali ilikubali kuwapasua watoto hata siku ambazo mfuko haukuwa na kitu, kwa kuwa ilijua deni litalipwa. Mtu huaminiwa kwa deni baada ya kuonekana jinsi anavyoitunza akiba. Mwaka 2024, Palak akiwa na umri wa miaka 32, ilitangazwa kwamba watoto waliopasuliwa kwa fedha zake wamefika 3,000.

Sasa tuje kwetu.

Madaktari wanasema kwamba katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya moyo, kubwa au ndogo. Matundu mengine ni madogo na huziba yenyewe mtoto anapokua. Yaliyo makubwa hayazibi. Mtoto hutokwa na jasho akinyonya, huachia titi kila mara ili avute pumzi, uzito haupandi, na kifua humrudia mwezi baada ya mwezi hata watu wa nyumbani wakasema ni pumu au ni jicho la watu. Wengine midomo na kucha huwa za rangi ya buluu, hasa wakilia. Ubaya wa maradhi haya ni kwamba yana wakati wake. Damu inayopita kwa nguvu mahali pasipostahili huiharibu mishipa ya mapafu polepole, na mishipa hiyo ikishaharibika sana, hata tundu likizibwa mtoto hatapona, na madaktari hukataa kumpasua. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa asubiri mpaka apate fedha, anaambiwa asubiri jambo ambalo halisubiri.

Mtoto wa jirani yetu alikuwa amefikia hapo. Karatasi za hospitali zilisema asivushwe mwaka. Baba yake alikuwa amesimama mara mbili baada ya sala ya Ijumaa, katika misikiti miwili, na kibali cha imamu mkononi. Watu walitoa, Mwenyezi Mungu awalipe, lakini kilichopatikana hakikufika hata robo. Mama yake alikwisha kuacha kutoka nje, kwa kuwa kila aliyekutana naye alimuuliza habari za mtoto, naye hakuwa na jibu jipya.

Baraza lile liliposikia habari za Indore, mmoja wetu alisema neno ambalo wengine walikuwa wakilifikiri lakini wanaogopa kulitamka. Alisema kwamba katika madrasa yetu yumo binti wa miaka 11 ambaye akisoma kaswida, hata waliokuwa jikoni hutoka kusikiliza. Kwa nini asiisomee mtaa mzima?

Palizuka mabishano, na hatutaki kuyaficha, kwa kuwa yalikuwa ya haki. Wako waliosema kwamba kuimba mbele ya watu ni mlango, na mlango ukishafunguliwa hujui atakayeingia. Leo ni kaswida kwa ajili ya mgonjwa, kesho ni harusi za mahotelini. Wako waliosema kwamba mtoto akishangiliwa akiwa mdogo huharibika. Wako waliojibu kwamba mabinti zetu wanaimba kila siku katika simu zao nyimbo ambazo hatuzijui maneno yake, na kwamba afadhali sauti ile ikatumiwa kwa kheri mbele ya macho yetu. Na wako walionyamaza, nao walikuwa wengi zaidi.

Tulimwendea ustadhi wa madrasa. Hakutuficha kwamba katika suala la nyimbo na ala pana ikhtilafu ya wanavyuoni, na kwamba asiyeridhika moyo wake asilazimishwe. Kisha akatukumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha (R.A.) siku ya Idi, wakitaja habari za vita vya Bu'ath. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipoingia akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamtaka awaache, kwa kuwa ilikuwa ni siku ya Idi. Ustadhi akatuwekea masharti. Wahudhurie wanawake na watoto peke yao. Maneno yawe ya kheri. Sala isicheleweshwe. Asirekodiwe mtoto. La mwisho alilirudia mara mbili: kila shilingi iwe na shahidi.

Bi mkubwa mmoja wa mtaa wetu, aliyepindukia miaka 80, alikuwa akisikiliza. Utotoni mwake aliwahi kuona vyama vya lelemama, ambavyo bibi zetu walijiunga navyo kwa mamia katika mji huu. Anakumbuka jinsi chama kimoja kilivyoshindana na kingine kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa karamu, mpaka wengine wakauza dhahabu zao ili wasishindwe. Anakumbuka pia jinsi mambo yalivyogeuka mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake wa Kiislamu wa Mombasa walipounda vyama vya kushughulikia elimu na maendeleo yao. Akasema, "Wanangu, sisi tuliimba ili tuwashinde wenzetu. Kama nyinyi mwataka kuimba ili mtoto apumue, mimi nitakuja na kiti changu."

Alikuja na kiti chake.

Tulifanya shughuli ile Jumapili moja, baina ya alasiri na magharibi, katika ukumbi wa madrasa. Mlangoni palikuwa na kapu, na kila aliyeingia aliitia simu yake humo na kupewa kijikaratasi chenye nambari. Hatukuuza tiketi. Kila mmoja alipewa bahasha tupu ili atie anachoweza, aliye na shilingi 50 na aliye na 5,000 zisijulikane. Wengine walileta mahamri, kaimati na viazi karai, vikauzwa, na mauzo yote yakaingia katika hesabu. Mmoja wa wale waliosema hawatahudhuria alituma bahasha yake siku moja kabla, tena nzito. Tulikumbuka kwamba Qur'ani katika Suratul Baqara imesifu sadaka ya dhahiri na ikaifadhilisha ile ya siri, na tukaona kwamba zote mbili zilikuwa zimekutana katika ukumbi mmoja.

Binti alisoma kaswida nane. Wasichana wenzake walimwitikia na kupiga matari. Hakupambwa kwa vipodozi. Alivaa kanzu yake ya madrasa na mtandio mweupe. Katika kaswida ya tano sauti ilimkauka, akanyamaza, akanywa maji, na ukumbi mzima ukamwitikia beti ambayo alikuwa hajaimaliza. Baada ya hapo hapana aliyekaa kama mgeni.

Yako mambo mawili tuliyoshikamana nayo siku ile, na tunayaandika hapa kwa manufaa ya mitaa mingine.

Kwanza, mtoto mgonjwa hakuletwa ukumbini. Walikuwapo waliotushauri kwamba watu wakimwona watatoa zaidi, na huenda ni kweli. Lakini mama yake alisema, kwa sauti ndogo, kwamba mwanawe akipona ataishi katika mtaa huu, atasoma humu na Mungu akipenda ataoa humu, naye hataki ajulikane maisha yake yote kuwa ndiye yule aliyesimamishwa mbele ya watu. Mwenyezi Mungu ametukataza kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi na udhia. Udhia mwingine hufanywa kabla hata ya kutoa. Tuliwaambia waliohudhuria kwamba ni mtoto wa mtaa wetu, kwamba karatasi za hospitali zimesomwa na watu wanne ambao majina yao yalitajwa, na kwamba fedha zitalipwa hospitalini moja kwa moja. Wakatosheka.

Pili, hesabu ilifanywa palepale. Bahasha zilifunguliwa mezani mbele ya watu, wawili wakihesabu na wawili wakiandika, kila mmoja katika daftari lake. Mwanamke mmoja alikuwa amevua bangili akaitia katika bahasha. Bangili ile iliandikwa, na siku ya pili watatu wetu walikwenda nayo kwa sonara, ikapimwa, na risiti yake ikabandikwa daftarini. Jumla ilikuwa shilingi 214,350. Ilisomwa kwa sauti kabla ya adhana ya magharibi, na binti aliyesoma kaswida akiisikia kama wengine.

Kwa fedha zile, pamoja na zilizopatikana misikitini, bima ya baba na punguzo alilopewa na ofisi ya ustawi ya hospitali, mtoto alipasuliwa Nairobi. Tundu lilizibwa. Siku kumi za kwanza zilikuwa nzito, na usiku wa tatu mama yake alitupigia simu akilia, tukakesha tukisoma Yasini. Alhamdulillah, alirudi nyumbani. Leo anapanda ngazi za nyumba yao bila ya kuketi katikati, na jirani wa chini wamekwisha kuanza kulalamika kwa kelele za miguu yake. Mama yake akiyasikia malalamiko hayo hucheka, na kicheko chake hatukuwa tumekisikia kwa muda mrefu.

Baada ya kila kitu kulipwa, zilibaki shilingi 1,900.

Mtu atasema hicho si kitu. Wako miongoni mwetu waliosema apewe binti akanunuliwe viatu, na wako waliosema wapewe wazazi wamnunulie mtoto maziwa. Yote mawili yalikuwa mema. Lakini tulikumbuka rupia za Indore. Wenye fedha zile walizitoa kwa ajili ya moyo wa mtoto, na jambo walilolikusudia lilikwisha kutimia. Sisi tulikuwa nani wa kuzikusudia upya kwa niaba yao? Basi zikabandikwa tangazo katika ubao wa madrasa, zikatajwa katika darasa la akina mama, na waliotoa wakaulizwa. Jibu lao lilikuwa moja: ziwekwe kwa ajili ya mtoto atakayefuata. Tukafungua ukurasa wa pili wa daftari, na mstari wake wa kwanza unasomeka shilingi 1,900.

Hazikupita siku tisa ukurasa ule ukapata mwenyewe. Mama mmoja kutoka Likoni alivuka kivuko akiwa na mtoto wa miezi 14 mgongoni, amefungwa kwa leso, na bahasha ya picha za hospitali mkononi. Alikuwa amesikia kwamba kuna wanawake wanaoimbia nyoyo. Hakuwa mtu wa mtaa wetu wala hatukuwa na ujamaa naye. Alipoketi tu, tulielewa jinsi ile nyumba ya Indore ilivyojisikia baada ya tangazo.

Tulimwendea mama wa binti. Yeye alitujibu kwa upole lakini kwa uthabiti. Alisema muhula huu mwanawe ana mitihani, na kwamba siku zile za mazoezi alikuwa analala akiongea kaswida usingizini. Hamkatazi kuimba, atasoma tena wakati wa likizo, mara moja, wala si kila mwezi. Alisema sauti ya mwanawe nayo ni amana, na yeye ndiye atakayeulizwa juu yake. Hatukuwa na la kumjibu ila kumshukuru. Tunaposimulia habari za Palak tusisahau kwamba nyuma yake palikuwa na wazazi waliokataa kuishi kwa sauti ya mtoto wao. Bila ya wazazi wa namna hiyo, mtoto mwenye kipaji hugeuka kuwa duka la watu wengine.

Kwa hiyo, kwa mtoto wa Likoni, wameinuka watu wazima. Akina mama sita ambao hawakuwahi kusimama mbele ya watu wanajifunza kaswida kila Jumatano baada ya sala ya alasiri. Sauti zao hazifiki ile ya binti, nao wanajua, na hucheka wenyewe wakikosea. Bi mkubwa huwasahihisha kutoka kitini pake. Fundi wa mtaani ameahidi kushona na kuutoa ujira wake wa siku mbili. Na hospitali ile, ilipoona malipo ya kwanza yamefika kwa wakati na yamefuatana na karatasi zake, imekubali kumwona mtoto wa pili kabla ya fedha zote kutimia. Mpaka tunapoandika haya, ukurasa wa pili umefika shilingi 61,700. Hazitoshi. Mtoto anapewa dawa za kumsaidia moyo, na tarehe ya kupimwa tena ni mwezi ujao.

Wasomaji wetu, tunawaomba mambo matatu. Mtoto wenu akichoka akinyonya, akitokwa na jasho la kichwa bila ya joto, au akirudiwa na kifua kila mwezi, msikubali kuambiwa kwamba atazoea; mwombeni daktari ausikilize moyo wake. Mkubwa wa kati ya miaka mitano na 15 akiumwa na koo pamoja na homa, mpelekeni akatibiwe na amalize dawa, kwa kuwa koo lisilotibiwa laweza kuja kuharibu moyo uliozaliwa mzima. Na mtaa wenu ukiwa na mtoto mwenye sauti, au mkono wa kuchora, au ulimi wa kusoma Qur'ani, msimfiche wala msimuuze. Mkalieni wazee wake, muandike masharti, muweke mashahidi, na siku ya mwisho someni hesabu kwa sauti, hata ikiwa kilichobaki ni shilingi 1,900.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu na watoto wa wenzetu, ampe subira mama wa Likoni, amhifadhi binti yetu katika mitihani yake, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozirudisha amana kwa wenyewe. Amin.